Siku Isom Alipoubakiza Mpira

Tallow Creek, Georgia
Jumatano, mwisho wa Novemba

Kwako mdogo wangu Odell,

Nakusalimu kwa upendo wa dada, na kabla ya lolote nauliza hali yako. Kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia? Vidole vyako vinaivumilia baridi ya huko Dakota? Mama anasema uvae soksi mbili na uache kujifanya kijana. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Goti la Mama bado linamsumbua, siku hizi kanisani anaimba amekaa, ila sauti haijapungua na waimbaji wenzake wanaijua shida yake. Ile dhoruba ya Septemba iliangusha miti yetu ya pekani, umebaki mmoja tu, nao haukuzaa. Kiwanda cha mbao kimefungwa kabisa sasa. Akina Hargrove wanahamia Atlanta baada ya Krismasi, na nasikia wengine watafuata.

Ulipopiga simu Jumapili uliniuliza, "Dada, mbona leo umekauka hivyo?" Nikakujibu nimechoka. Sikuwa nimechoka, Odell. Kuna mambo siwezi kuyasema kwenye simu huku nasikia mitambo inanguruma nyuma yako na mtu anakuita urudi kazini. Ndiyo maana nimekaa mezani kuandika. Nakuomba usome taratibu, na univumilie nikianzia mbali, maana nikianza na jambo lenyewe sitaimaliza barua.

Unajua kwamba Shemasi Pettway aliugua masika, akawa hawezi tena kusimama uwanjani na timu ya watoto ya mpira wa Kimarekani. Mchungaji akaitisha kikao kwenye ukumbi wa kanisa kutafuta kocha mpya. Wanaume wote wakawa wanatazama dari kana kwamba ndiyo kwanza wanaiona. Mimi naendesha basi la shule, watoto wale nawabeba kila asubuhi, najua nani kalala na njaa na nani kagombana na mama yake. Nikanyoosha mkono. Kuna waliocheka. Rosco Timmons, yule wa matairi, hakucheka, akasema atanisaidia, maana Kocha Vernell peke yake atawafundisha watoto kufunga mkanda wa basi tu.

Mwaka jana timu yetu ilifungwa na kila mtu. Watoto wetu ni wadogo na wachache, na wale wa miji mingine wanalishwa sijui nini, wengine wanaonekana kama wameacha wake nyumbani. Rosco alitaka tuendelee kurusha mpira mbali kama Shemasi alivyokuwa akifanya. Nikamwambia, "Kurusha tumerusha mwaka mzima, Rosco. Ulimwona nani akidaka?" Akaniuliza basi nataka nini. Nikamwambia nataka mchezo wa Baba.

Wewe hukuupenda mchezo ule. Baba alipopanga viti uani viwe wachezaji ulikuwa ukipiga miayo, unataka kurusha mpira hadi barabarani wasichana wauone. Mimi ndiye niliyekuwa nikisikiliza, ingawa mimi sikuruhusiwa kuucheza. Baba alisema kama kuna mlinzi mkubwa pembeni na huna mtu wa kumzuia, usijisumbue kumzuia. Mwache huru, halafu umtazame mabega. Akiingia kumkaba mkimbiaji wa katikati, usimkabidhi huyo mpira, ubaki nao mwenyewe ukimbie. Akikugeukia wewe, mtupie mwenzako anayekimbia pembeni. Akisimama tu kushangaa, mpe wa katikati apite. Mtu mkubwa hawezi kuwa mahali pote, na popote atakapokwenda atakuwa amekosea. Nilimweleza Rosco hivyo hivyo. Akakuna kidevu.

"Bi Vernell, hawa watoto kufunga kamba za viatu hawakumbuki. We unataka wasome mabega ya mtu?"

"Sitaki wote wasome. Nataka mmoja."

Huyo mmoja alikuwa mwanao. Nilimweka Isom awe kwotabeki, yeye apokee mpira na kuamua uende kwa nani. Rosco alidhani nampendelea kwa sababu ni wa nyumbani. Ukweli ni kwamba sijapata kuona mtoto anayewatazama watu kama Isom. Akiingia chumbani anajua nani kakasirika kabla mtu hajafungua mdomo. Nadhani mtoto aliyeachwa na mama akiwa mdogo, kisha baba naye akaenda kazini mbali, hujifunza kuangalia nyuso ili ajue nani anayefuata kuondoka. Sisemi hivi kukuumiza. Nakueleza tu kwa nini nilimchagua.

Nikaleta viti vya ukumbi wa kanisa uwanjani, kama Baba. Isom akakitazama kiti, akasema, "Shangazi, kiti hakina mabega." Basi nikamsimamisha Rosco awe mlinzi. Watoto wakacheza polepole, kisha mbio. Mara Rosco akamrukia yule mnene wa akina Hargrove tunayemwita Biskuti, akamkumbatia hadi chini, akawa anapiga kelele, "Nimempata! Nimempata!" Biskuti naye akacheka akiwa chini yake, "Umenipata mimi, kocha. Mpira umeshafika kwa Quincy." Quincy Mabry alikuwa mwisho wa uwanja anacheza ngoma. Rosco akainuka, akajipangusa udongo mwekundu, na tangu siku hiyo hakutaja tena kurusha.

Usidhani tuliwika. Mechi za kwanza zilikuwa aibu. Mipira iliyodondoka siwezi hata kuihesabu. Mzee mmoja alinipigia kelele kutoka jukwaani nirudi jikoni, nami nikamwuliza kama yeye amekula maana anaonekana njaa inamsumbua. Lakini usiku wa maneno yale Mama alinisikia nikilia bafuni, akajifanya hakusikia.

Kulikuwa na kasoro moja ambayo ilinichukua muda kuiona. Isom alisoma vizuri, ila mpira hakuubakiza kamwe. Ama alimkabidhi Biskuti, ama alimtupia Quincy. Hata mlinzi alipomwachia njia nyeupe mbele yake, aliutoa. Wapinzani wakagundua, wakawa hawahangaiki naye tena. Quincy, ambaye mdomo wake unaujua, akamwambia mbele ya wenzake, "We Isom, mpira una moto? Kila ukishika unautupa!" Nikamchukua pembeni nikamwuliza kwa upole kwa nini habaki nao. Akaniambia akimpa Biskuti, Biskuti akaanguka, basi Biskuti ndiye kaanguka. Akiubeba mwenyewe akashindwa, kila mtu atajua ni yeye. Nilimpa maji tu.

Mwanzoni mwa Oktoba tukashinda, Odell. Mechi moja, lakini tulishinda. Mama alisimama na goti lake lile akapiga kelele hadi wigi likaenda upande. Na siku hiyo hiyo ndipo nilipomwona Charisse.

Alikuwa amekaa juu kabisa jukwaani, amevaa koti la kijani, na mwanamume mpole pembeni yake. Sikumtambua mara moja, kanenepa kidogo na kapendeza. Baada ya mechi alishuka akaniambia, "Vernell, sikuja kugombana." Nikamwuliza kaja kufanya nini. Akasema kaja kumwona mwanawe akicheza, kama nitaruhusu. Mwanamume yule ni mumewe, anaitwa Alvin, ni fundi bomba Jacksonville. Hakusema maneno mengi, alinisaidia kubeba viti hadi kwenye gari. Isom alisimama mbele ya mama yake kama mtu aliyesimama mbele ya mbwa asiyemjua. Charisse hakumkumbatia. Alimnunulia karanga za kuchemsha, wakala wamekaa kwenye ngazi, na nafasi ya mtu mzima katikati yao.

Jumamosi iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata. Ni mwendo mrefu kutoka Jacksonville, na kuna siku mvua ilinyesha hata wazazi wa hapa hapa hawakutoka, yeye alikuwa pale juu na mwavuli. Mama hakumsalimia. Alikuwa akisema kwa sauti, ili asikike, kwamba wengine hukumbuka wana watoto wakishaanza kupigiwa makofi. Ile nafasi kwenye ngazi ikawa inapungua.

Isom hakukuambia haya kwenye simu kwa sababu nilimkataza. Nilidhani yatakuvuruga kazini. Isitoshe, wewe ulikuwa umeahidi kuja. Uliahidi kuja Oktoba, kisha ukasema mechi ya mwisho, hiyo hutaikosa. Sijui kama unafahamu ahadi ile ilifanya nini ndani ya nyumba hii. Alisafisha chumba. Aliiambia timu nzima. Wakati wa mazoezi alikuwa akigeuka kutazama geti kila gari likipita, mpaka Quincy akamwambia, "Baba yako ni kama mvua ya redioni, inatajwa tu." Zamu iliyofuata ya kucheza, Isom alimtupia Quincy mpira miguuni kwa makusudi, Quincy akajikwaa nao akala udongo. Niliwaadhibu wote wawili kuzunguka uwanja, na moyoni nilikuwa upande wa mmoja.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Dunmore, ambao hawakuwa wamefungwa na mtu. Nilikuwekea nafasi karibu na Mama, nikaweka blanketi juu yake. Wakati wa mapumziko simu yangu ikalia na nikasoma ujumbe wako kwamba umekwama kwenye zamu, nimwambie utakuja Krismasi. Niliirudisha simu mfukoni. Sikumwambia. Nilisema nitamwambia wakiisha kucheza.

Sijui watoto wale walipata wapi nguvu. Biskuti alikuwa akipita katikati kama trekta. Walinzi wa Dunmore walikuwa wakigongana wenyewe, kocha wao anawafokea, "Mfuateni mwenye mpira!" nao wanamjibu, "Ni yupi?" Rosco alicheka hadi akakaa chini. Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi chache, tuko karibu na mstari wao wa kufungia pointi, na muda ulibaki wa jaribio moja tu. Nikaomba kusimamisha saa. Watoto wakanizunguka wakihema. Nikawaambia tunacheza mchezo ule ule, kulia, na Isom ataamua. Wakatawanyika. Isom akabaki.

"Baba haji, sivyo?"

Nilifikiri kusema yuko njiani. Nilishafungua mdomo. Lakini yule mtoto alikuwa ananisoma mabega, Odell, na mimi ndiye niliyemfundisha.

"Haji, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Akarudi uwanjani.

Alipokea mpira. Mlinzi wao wa pembeni, jitu kweli kweli, hakumjali kabisa, alikimbia moja kwa moja kumfuata Quincy, maana walishajua Isom huwa anatoa. Njia ilikuwa wazi. Na Isom akaubakiza. Akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akakimbia. Nilisikia jukwaa lote linainuka. Alikuwa amebakiza hatua chache tu kufika mstari pale mtoto wa Dunmore alipotokea nyuma akamdaka mguu. Alianguka amenyoosha mikono, na mpira haukufika. Ulibaki nje ya mstari kama upana wa kiganja.

Hapo ndipo msimu wetu ulipoishia. Rosco alisema kwa sauti ya chini kwamba Isom alisoma sawasawa, hakukosea chochote, na alikuwa anasema kweli. Alifanya lililo sahihi na tukafungwa. Wapinzani walikuwa wakirukaruka. Isom alilala pale pale, uso kwenye majani. Nilianza kumwendea, lakini Charisse alishashuka jukwaani, akapita wigo akakimbia na viatu vyake vya kisigino, akapiga magoti kwenye udongo na koti lile la kijani. Hakumwinua. Alikaa tu pale karibu yake mpaka alipotaka kuinuka mwenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Kesho yake, baada ya ibada, Charisse alikuja nyumbani na kuniambia mbele ya Mama kwamba angependa Isom aishi naye. Alisema hatamvuta kwa nguvu wala kupeleka mtu mahakamani, Isom mwenyewe aamue, na akikataa ataendelea kuja Jumamosi. Mama akainuka akaenda chumbani akafunga mlango. Isom akatoka nje, nikamfuata. Tulikaa kwenye ngazi za basi langu, jua la mchana linatuchoma usoni.

Akaniuliza, "Shangazi, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Mimi sikuzaa, unajua. Tangu ulipomleta na begi lile dogo ukasema ni kwa muda tu, nimempikia, nimempeleka hospitali, nimekaa naye akiwa na homa. Nilitaka kumwambia abaki. Maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni: Bibi atahuzunika, timu itakufa, baba yako atakuja Krismasi. Nikamtazama. Alikuwa anatazama barabara. Hata siku hiyo, Odell, baada ya yote, gari likipita anageuka.

Nikamwambia aende.

Kwa hiyo usimlaumu Charisse. Hakumwiba. Wala usimlaumu Isom. Aliniuliza mimi, na mimi ndiye niliyesema. Nikamsaidia kufunga mizigo jioni ile, Alvin akaibeba. Ulipopiga simu Jumapili hii ukaomba kuongea naye, nikakuambia yuko kwa Biskuti, ila alikuwa Jacksonville, keshaanza shule.

Mama hajanisamehe. Anakula chumbani. Nikipita anaanza kuimba ili asije akanisalimia. Rosco amezirudisha kofia za watoto stoo akasema mwakani hakutakuwa na timu, akina Hargrove wanaondoka, akina Mabry wanatafuta nyumba Macon, na waliobaki hawatoshi hata kujaza upande mmoja. Nilimwambia labda wengine watakuja. Akanitazama kwa huruma.

Nimeongea na Isom juzi. Anasema shule ni kubwa na chakula si kibaya. Kocha wa huko alisikia anacheza akamwita ajaribu. Amekataa, na anasema hataki tena kuucheza. Nikamwuliza kwa nini, akasema hana sababu. Nilidhani angalau hilo lingebaki naye, mchezo wa Baba, kwamba ningekuwa nimempa kitu cha kuondoka nacho. Naona sikumpa. Na mimi, nikipita na basi karibu na uwanja asubuhi, natazama upande mwingine.

Sijui utafanya nini na barua hii. Unaweza kukasirika, ni haki yako, na ukitaka kunitukana piga simu nitapokea. Ila usiende Jacksonville kwa hasira. Ukienda, nenda siku uliyosema utakwenda, au usiseme kabisa.

Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Najua angekusalimu. Rosco anakusalimu na anasema bado ana lile tairi lako la akiba. Mchungaji anakuombea kila Jumatano. Biskuti aliniambia nikuambie kwamba angependa kukuona kabla hawajahama, ili ajue kama kweli unafanana na Isom.

Isom hakutuma salamu. Nilimwuliza, nikidhani amesahau. Akasema hakusahau.

Nabaki mimi, dada yako anayekupenda,

Vernell